Goma mpaka Tshivanga: namna ya kuchagua bato na kutembelea maparki bila kupoteza makuta

Watu wengi wakitaka kwenda kuona magorila wanaanzaga na bato ya ziwa Kivu. Iko bei gani, inatoka saa ngapi, iko na tele ndani ao haina. Mimi nakuambia geuza hiyo kazi: anza na parki, kisha rudi nyuma ukihesabu masaa mpaka uone ni bato gani inakufaa. Pisteri wa parki, wale wenye kufuata nyayo za magorila, wanaingia mu pori asubuhi na mapema, hawana habari na mashini ya bato yenu yenye iliharibika mbele ya kisiwa cha Idjwi. Ukifika saa tano unakuta wenzako wameshapanda mlima na permi yako umeshailipa.

Sasa tuende hatua kwa hatua. Nitaongelea zaidi safari ya kutoka Goma kwenda Bukavu, kisha parki ya Kahuzi-Biega, yenye mlango wake njo Tshivanga, juu njo safari yenye bato na parki zinaungana vizuri. Virunga nitaigusa pia.

HATUA YA 1: Uliza kama parki inapokea watu

Usicheke, watu wanasahau hii. Wanalipa bato, wanalipa hoteli, kisha wanapiga simu parki.

Sitaingia mu politiki, lakini kila mtu anajua vita iliingia Goma Januari 2025 na Bukavu mu mwezi wa pili, na utalii ukasimama. Hata mbele ya hapo Virunga ilikuwa inafungwa na kufunguliwa: 2018 walifunga juu gardi mmoja aliuawa na watalii walitekwa, wakafungua mwanzo wa 2019, mwaka 2020 korona ikafunga tena. Kwa hiyo usimsikilize mtu mwenye kukuambia "mimi nilienda, hakuna shida" kama alienda miaka mitatu imepita. Piga simu ku ofisi ya parki yenyewe, si kwa mtu wa ajansi mwenye anataka avansi yako. Muulize maswali tatu tu: leo munapokea wageni? Barabara ya kuja kwenu iko wazi mpaka wapi? Mukifunga gafula makuta yangu inarudi ao munaniwekea tarehe ingine? Jibu la hilo swali la tatu omba wakuandikie, hata kwa WhatsApp, utalihitaji.

Kisha uliza pia mtu wa kule kule. Kama uko na ndugu ku Miti ao Kavumu, ku barabara ya kwenda parki, huyo njo anajua barabara ilikuwa aje jana jioni. Wote wawili wakisema hapana, kaa nyumbani. Gorila haihami.

HATUA YA 2: Jua unaenda kuona nini

Hapa watu wanachanganya sana. Magorila ya Virunga na ya Kahuzi-Biega haiko ndugu wa tumbo moja.

Virunga ni ya kaskazini, upande wetu wa Goma, na kwenda kule haukamate bato hata kidogo, ni barabara ya Rutshuru. Ilianzishwa 1925, njo parki ya zamani kupita zote mu Afrika, iko na karibu kilometa mraba 7,800. Kule unaona gorila wa mlima, wenye manyoya marefu, ambao mu dunia yote wamebaki kidogo tu kupita 1,000, tukigawana na Rwanda na Uganda. Iko pia Nyiragongo, mlima wa moto wa mita 3,470, wenye sisi watu wa Goma tunaujua bila kuupanda juu ulitushukia 1977, 2002 na 2021. Kuupanda ilikuwaga kuanzia Kibati, unatembea masaa tano ao sita, unalala juu kwa baridi kali, usiku unaangalia moto chini. Parki iko pia na kisiwa cha Tchegera, hapa hapa mu ziwa Kivu, umbo la mwezi mchanga, na kule unafika na kano ndogo. Kukifunguliwa, kwa mtu wa Goma mwenye hana siku nyingi hicho kisiwa njo chaguo la akili: asubuhi uko mjini, saa sita uko mu maji.

Kahuzi-Biega ni ya kusini, upande wa Bukavu. Ilianzishwa 1970, na jina ni la milima miwili yenye ilikuwa ya moto zamani ikazimika, Kahuzi mita 3,308 na Biega mita 2,790. Kule unaona gorila wa Grauer, mkubwa kupita gorila wote, na haishi inchi ingine yoyote isipokuwa Kongo. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha mtu apande bato. Watu wa Ulaya wanajua Virunga kwa sababu ya filme, lakini ukisimama mbele ya dume la Grauer lenye mgongo mweupe, mabega kama mlango wa stoo, hutauliza tena parki gani njo inajulikana.

Ukiwa na siku moja ya kuongeza, kwenye barabara ya upande ule ule kuko Lwiro, kituo cha utafiti cha tangu wakati wa Wabelgiji, na ndani kuko makao ya sokwe na nyani wenye walinyanganywa kwa wawindaji. Kule hauhitaji kupanda mlima, watoto pia wanaweza kwenda, wakati kwa magorila mwenye hajafika miaka 15 hawamuingize.

HATUA YA 3: Chagua bato kwa saa, si kwa bei

Goma mpaka Bukavu ni karibu kilometa 100 za maji. Uko na namna tatu.

Kano rapide. Karibu masaa matatu uko Bukavu. Ni ya mtu wa biashara mwenye kurudi kesho. Bei iko juu, bagaji wanakupimia kidogo, na mawimbi yakiwa na hasira unapigwa mugongo mpaka unajutia. Mama mwenye mimba ao mtu wa mugongo mubaya asiikamate.

Bato ya mchana. Masaa tano, sita, wakati mwingine zaidi, inategemea mashini na inategemea wanasimama wapi. Hii njo ninapenda na hii njo nakushauri. Unaona ziwa yote, unaona Idjwi inakusindikiza masaa na masaa na mashamba yake mpaka juu ya vilima, unaona mitumbwi ya wavuvi wa sambaza imefungwa mitatu mitatu ikirudi. Unafika Bukavu kungali jua, unatafuta hoteli bila woga, unalala, asubuhi unaenda Tshivanga na akili safi.

Bato ya usiku. Inatoka jioni, inafika alfajiri. Kwa karatasi inaonekana vizuri: umelala mu bato, umeokoa makuta ya hoteli, asubuhi unaenda moja kwa moja parki. Lakini kwa kweli hulali. Muziki, mbuzi, mtoto analia, baridi ya saa tisa usiku inaingia mpaka mu mifupa kama haukulipa kabini. Kisha unapashwa kupanda mlima mu matope na macho mekundu. Na kuna wakati viongozi wanakataza bato kutembea usiku, kwa hiyo usipange safari yako yote juu yake.

Hesabu yangu ni hii, kwa mtu wa kutoka Goma: siku ya kwanza bato ya mchana na kulala Bukavu, siku ya pili parki, na kama masokwe ya Lwiro yanakuvuta lala tena, siku ya tatu ama ya nne unarudi. Mtu mwenye kukuambia utakamata rapide asubuhi na kuona gorila siku ile ile, anakuuzia bilet.

HATUA YA 4: Kwa porti, mbele ya kulipa

Hapa nitakaa kidogo, juu hapa njo watu wanakufia.

Tarehe 3 Oktoba 2024 bato yenye ilitoka Minova ilizama karibu na Kituku, porti ya Goma, karibu kabisa, watu wenye walikuwa ku soko wakaiona na macho ikiegemea. Barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na vita, kila mtu alikuwa anapita maji, ikapakia watu kupita kiasi. Mwaka 2019 mwezi wa nne bato ingine ilizama mu ziwa hii hii na raisi Tshisekedi akaagiza kila abiria avae jile, ile koti ya kuelea ku maji. Kwa hiyo jile ni lazima tangu 2019, si zawadi mukubwa wa bato anakufanyia.

Basi fanya hivi. Usinunue bilet ku barabara kwa kijana mwenye kukimbia nyuma yako. Nunua ku biro ya bato yenyewe, siku moja mbele kama inawezekana, kisha siku ya safari fika mapema na usimame kwanza ku kayi, pale bato inafungwa, uangalie bato kutoka nje.

Angalia maji inafika wapi ku ubavu. Bato yoyote ya bati utaona rangi ya chini, nyekundu ao nyeusi, na rangi ya juu. Kama ile ya chini yote imezama na bado wabeba mizigo wanapanda na magunia ya makala na simenti, hiyo bato imeshashiba. Angalia kama imesimama sawa ao imeinama upande mmoja. Kama imeinama ikiwa ingali imefungwa na kamba, itakuwa aje kule katikati wakati watu wote watakimbia upande mmoja kupiga picha?

Kisha ingia utafute jile kwa macho yako. Usiulize "muko na majile?", watakuambia ndiyo. Uliza "yangu iko wapi?" Mara nyingi utayakuta juu mu dari, yamefungwa na kamba ya nailoni fundo tatu, ao chini ya bashe na vitanda vya watu. Jile yenye imefungwa hivyo ni mapambo. Kamata yako, vuta mikanda yote kama inashika, angalia kama klipsi haijavunjika, kisha ivae. Vijana watakucheka wakuite muoga. Wacha wacheke.

Hakikisha jina lako limeandikwa ku manifesti, ile liste ya abiria, jina la kweli lenye liko ku karte ya elekteri (ya kupigia kura) ao paspoti, pamoja na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Nyuma ya ajali ya 2024 familia zilizunguka siku mingi juu hakuna mwenye alijua kwa hakika nani alikuwa ndani. Na mwisho angalia mbingu. Mwezi wa sita mpaka wa nane ni kiangazi, mvua ni kidogo. Kuanzia mwezi wa tisa mvua inarudi na ngurumo zake, na mara nyingi upepo unaamuka nyuma ya saa sita mchana, kwa hiyo bato ya saa moja asubuhi ni bora kupita ya saa tano.

Kama kitu kimoja hapa hakikukalie vizuri mu roho, shuka. Bilet ni makuta tu.

HATUA YA 5: Mapapye na makuta

DGM, watu wa uhamiaji, wanaangalia mapapye hata kama haujatoka mu inchi. Mukongomani: karte ya elekteri. Mgeni: paspoti, viza, na karte ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Piga fotokopi mbili za kila kitu, weka moja kwa mwenzako.

Bei ya parki iko na ngazi: Mukongomani analipa kidogo, mgeni mwenye kuishi hapa analipa zaidi, mgeni wa kutoka nje analipa mamia ya dola. Kwa hiyo dada yangu, kama uko na kitambulisho cha Kongo na unafikiri magorila ni ya wazungu tu, piga simu uulize bei ya wananchi, utashangaa.

Dola ziwe safi. Unajua hapa kwetu noti yenye kakitundu kadogo kama kichwa cha pini hakuna mwenye kuikamata, na za zamani zenye kichwa kidogo cha raisi usijaribu. Tangu vita benki za Goma zilifungwa, hivyo watu wanatembea na M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, lakini kwa Tshivanga usitegemee rezo ya simu. Beba keshi, na franga ndogo ndogo za motari (watu wa pikipiki) na za matabishi, ile zawadi ya kushukuru.

HATUA YA 6: Ndani ya bato

Kaa katikati, nyuma kidogo, si mbele kabisa, kule mbele njo inarukaruka. Kama tumbo lako ni la kugeuka, kula mandazi mawili kavu na chai ya tangawizi mbele ya kupanda, usikule sombe na mafuta, na macho yako yakae ku vilima vya mbali, si ku simu. Simu na mapapye tia mu sashe (mifuko ya plastiki) mbili. Kiti cha karibu na mashini wanakimbiaga kwa sababu ya kelele, lakini usiku kuko na joto.

Watu watakuambia ziwa Kivu iko na gazi. Ni kweli, chini kabisa kuko metani na gazi karboniki mingi imelala mu maji, lakini si jambo la abiria. Kitu cha kuogopa ni mazuku, ile gazi yenye inatoka mu udongo na kujaza mabonde madogo, hasa upande wa Goma kuelekea Sake. Haionekani na inaua, kuku na mbuzi njo wanatangulia. Ukienda kulala kando ya ziwa usitandike hema mu shimo, na usimtume mtoto ashuke kule asubuhi wakati hakuna upepo.

HATUA YA 7: Kutoka Bukavu mpaka Tshivanga

Tshivanga njo mlango wa parki, karibu kilometa 30 kutoka mjini. Unafuata barabara ya uwanja wa ndege wa Kavumu, ukifika Miti unaacha ile barabara unapanda kushoto. Karibu, lakini barabara ni barabara yetu, wewe jua: panga saa moja na nusu, na mvua ikinyesha ongeza. Kodi gari yenye iko juu, ya magurudumu mane yenye kuvuta, patana na shofere bei ya kwenda, kungoja na kurudi, yote mara moja, na mafuta ya nani. Ondoka saa kumi na mbili na nusu. Pikipiki inaweza kukufikisha kwa bei rahisi lakini ukirudi umelowa na umechoka utalia.

HATUA YA 8: Mu pori

Vaa suruali ndefu na uingize miguu yake mu soksi. Si mtindo, ni siafu. Shati la mikono mirefu, viatu vya kushika matope, na glavu za shamba zenye wanauza soko lolote kwa franga kidogo, juu kuna majani ya upupu na mkono wako utatafuta kitu cha kushika kila mahali. Koti la mvua hata kama jua linawaka. Maji litre mbili.

Gidi, mwenye kuwaongoza, atawapa masharti, yasikilize: saa moja tu na magorila, tangu korona muwe mbali mita kumi ivi, muvae maski. Mwenye kukohoa asiende, na usifiche, magonjwa yetu gorila inakamata na inakufa nayo. Flash ya simu izime mbele ya kuondoka.

Pisteri anatangulia na panga, anakata mianzi pole pole, kisha unaona amesimama. Anaonyesha chini: mavi mabichi, shina la muanzi limetafunwa na bado linatoa maji. Anatoa sauti ya koo, kama mtu mwenye kusafisha koo ndani ya shingo, mara mbili. Kisha mu majani, mita chache, kitu kinamjibu sauti ile ile. Hapo usikimbie, usinyooshe kidole. Dume likija mbio likipiga kifua, chuchumaa, angalia chini, ukae nyuma ya gidi. Mara nyingi linapima roho yako tu.

Mtaweza kutembea nusu saa mukawakuta, mutaweza kutembea masaa manne. Ukiwa na goti bovu sema asubuhi wakati wa kugawa watu mu vikundi, watakutafutia familia ya magorila ya karibu.

Na matabishi, mpe pisteri mkononi mwake, si kwa mukubwa wa ofisi ati atawagawia. Kati yao kuko Batwa. Hilo pori lilikuwa kwao mbele wafukuzwe miaka ya 1970, na mwaka 2024 Komisio ya Afrika ya haki za binadamu ilisema wazi kwamba serikali iliwakosea. Wanakuongoza mu nyumba ya babu yao na wewe umelipia mlangoni.

HATUA YA 9: Kama parki imefungwa na umeshafika Bukavu

Kama mapapye yako yanakuruhusu na mupaka wa Ruzizi uko wazi, vuka. Kutoka Rusizi mpaka parki ya Nyungwe upande wa Rwanda ni karibu saa moja ya lami nzuri. Hakuna magorila, kuna sokwe, na ile daraja ya kutembea juu ya miti, mita 70 juu ya bonde. UNESCO iliiweka hiyo parki ku urithi wa dunia 2023. Mtu wa jeto, ile karatasi ndogo ya kuvukia mupaka, aulize vizuri inamfikisha mpaka wapi, ni ya watu wa mupaka, si ya kutembea inchi yote.

Usipoweza kuvuka, kamata bato ya Idjwi. Hakuna gorila, hakuna permi, kuko kahawa, kuko ananasi tamu kupita zote za ziwa, na watu wenye watakuuliza umefuata nini.

HATUA YA 10: Kurudi

Bilet ya kurudi usiinunue Goma. Nunua Bukavu jioni ukitoka parki, wakati umeshajua miguu yako iko aje na mbingu iko aje, isipokuwa wakati wa sikukuu, kuanzia katikati ya Desemba, hapo lipa mapema ao utalala porti. Angalia bato upya, ubavu, jile, manifesti, hata kama ni ile ile ulikuja nayo, juu kutoka Bukavu mizigo si ile ile. Viatu vya matope tia mu sashe yao peke yao, na vitu vya kuwapelekea watu wa nyumbani nunua asubuhi ile ya safari, sambaza kavu haina shida lakini mbichi mpaka Goma jirani wa kiti atakuchukia.

Ukifika Goma jioni, motari wa nje ya geti wanapandisha bei mara mbili. Tembea mita mia mbili kwanza.